Mteja Anasema Tyuna Ni Mbovu? Kabla Hujarudisha Hela, Tafuta Data Imepotelea Wapi

Leo naongea na wenzangu tunaouza mtandaoni kompyuta ndogo used zenye Linux, diski za nje, na tyuna za USB, vile vidude mfano wa flashi vinavyochomekwa kwenye kompyuta na waya wa antena ili mtu arekodi TV nyumbani. Wewe unayeuza nguo au vyombo lakini una mtambo kama huo sebuleni, soma pia. Tatizo ni lile lile na dawa ni ile ile.

Malalamiko tunayajua. "Rekodi inakatakata." "Picha inapasuka vipande vya mraba." "Sauti imeruka, goli sijaliona." Halafu inakuja ile sentensi inayouma: "Tyuna uliyoniuzia ni mbovu, nirudishie hela yangu."

Sasa piga hesabu. Tuseme tyuna umeiuza sh 70,000 na kuituma kwa basi ni sh 10,000. Ukikurupuka ukatuma nyingine, umelipa nauli ya pili, ile ya kwanza inakurudia ikiwa imeshatumika, na kama tatizo lilikuwa diski ya mteja, tyuna ya pili nayo itaonekana mbovu. Hapo umepoteza hela, umempoteza mteja, na kwenye magrupu ameshaandika kwamba unauza feki. Upande wa pili, ukikataa kumsikiliza wakati tyuna kweli ina kasoro, umemdhulumu.

Njia ya kutoka ni moja tu: jua data inapotelea wapi. Kutoka angani mpaka kwenye faili, data inapita antena na waya wake, tyuna na tundu la USB, programu ya kurekodi, na mwisho diski. Kila kituo kina alama yake kikiangusha mzigo. Ukizijua hizo alama huhitaji kubahatisha.

MATANGAZO YA TV HAYARUDIWI

Ukipakua video kwenye intaneti na kipande kikapotea njiani, kompyuta huomba kitumwe tena. Ndiyo maana video inazunguka kidogo, halafu inaendelea ikiwa nzima. Matangazo ya TV hayana huruma hiyo. Mtambo wa kituo unarusha mara moja kwa watu wote, na antena yako haina namna ya kusema "hebu rudia hapo". Ni kama bomba lisilo na koki: maji yanatoka muda wote, na ukichelewa kubadilisha ndoo yanamwagika. Kilichomwagika hakizoleki. Kwa hiyo hakuna programu itakayokurudishia data iliyopotea kwenye rekodi ya jana. Unachoweza ni kuzuia ya kesho isipotee.

Data yenyewe inakuja kwa pakiti ndogo za baiti 188. Chaneli inayotumia megabiti 4 kwa sekunde inakupa rekodi ya GB 1.8 hivi kwa saa moja, yaani pakiti zaidi ya milioni 9. Ndani yake kuna mkondo wa picha, wa sauti na mingineyo, na pakiti za kila mkondo zina namba zinazopanda kutoka 0 hadi 15, kisha zinaanza tena 0. Fikiria kitabu chako cha risiti. Ukitoka risiti ya 7 ukakuta ya 9, unajua ya 8 haipo hata kama hujui ilikuwa na nini. Programu nayo inahesabu hivyo hivyo: namba ikiruka, inaandika kosa moja la mwendelezo.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Kosa moja halina maana ya pakiti moja. Huenda zimepotea 2, huenda zimepotea 200, maana namba zinajizungusha. Kwa hiyo mteja akikwambia "makosa ni matatu tu" usidharau, na akisema "makosa ni elfu" usishtuke. Cha kuuliza ni yametokea saa ngapi na ni ya aina gani.

HATUA YA 1: HAKIKISHA KWELI IMO KWENYE FAILI

Kabla ya yote, mwambie mteja aicheze rekodi tena pale pale palipokatika, mara mbili. Pakikatika kwenye sekunde ile ile kila mara, data haimo ndani ya faili. Mkatiko ukihama, au ukipotea akichezea kwenye kompyuta yenyewe badala ya kurusha kwa Wi-Fi kwenda kwenye simu, basi rekodi ni nzima. Shida ni Wi-Fi au kifaa cha kuchezea, na tyuna haihusiki kabisa.

Anayetaka uhakika zaidi, na faili lake ni la aina ya .ts, aandike hivi kwenye dirisha la amri, aweke jina la faili lake:

ffmpeg -v warning -i rekodi.ts -map 0 -c copy -f null -

Amri hii inasoma faili lote bila kulibadilisha. Mistari mingi yenye neno corrupt ikitokea, kuna vipande vilivyopotea au kuharibika. Moja au mbili za mwanzoni kabisa zisikutishe, mara nyingi ni tyuna ilikuwa inatulia kwenye masafa.

Na hapa utenganishe ugonjwa mwingine unaofanana na huu. Kama rekodi haikatikikatiki ila inakoma ghafla, na faili linakomea kwenye GB 4, uliza diski imefomatiwa vipi. Mfumo wa FAT32 haupokei faili linalozidi hapo. Kwa chaneli ya megabiti 4 ni kama saa 2 na dakika 20, yaani mechi ikienda muda wa nyongeza na penalti, penalti huzioni. Dawa ni kuhamisha vitu vilivyomo na kufomati diski kwa ext4.

HATUA YA 2: ANGALIA HEWANI NA WAYA

Wateja wengi wa Linux wanatumia Tvheadend kurekodi, nami ndiyo ninayowawekea. Ukifungua Status kisha Stream wakati rekodi inaendelea, utaona safu za hesabu. Nne ndizo muhimu: SNR, Uncorrected Blocks, Transport Errors na Continuity Errors.

Transport Errors maana yake pakiti imefika, lakini imefika imeharibika na tyuna yenyewe imeigonga muhuri wa "mbovu". Uncorrected Blocks ni vipande ambavyo tyuna ilijaribu kuvirekebisha ikashindwa. Hizi mbili zikipanda, usihangaike na diski wala kompyuta. Tatizo liko kabla ya kompyuta: antena, waya, viunganishi, au tyuna inapokelea.

Continuity Errors zikipanda peke yake, na zile nyingine zimetulia kwenye 0, pakiti zimetoweka bila kuharibika, na mara nyingi hiyo ni dalili ya upande wa USB au kompyuta. Nasema mara nyingi kwa sababu kuna tyuna ambazo hutupa pakiti mbovu kimya kimya bila kuzigonga muhuri. Ndiyo maana tunaangalia na SNR pia: kama inashuka wakati ule ule makosa yanapopanda, bado ni hewani.

Asilimia ya nguvu ya mawimbi isikudanganye. Kila tyuna inaipima kivyake, kwa hiyo 60 ya tyuna hii si 60 ya ile. Tena mawimbi yakizidi nguvu nayo yanaharibu, hasa mtu akiweka kiongeza nguvu ilhali anaishi karibu na mnara.

Mambo ya kumwambia mteja akague, kwa mpangilio huu:

- Kichwa cha waya wa antena. Unyuzi mmoja wa kinga ya nje ukigusa waya wa kati, mawimbi yanakufa au yanayumba.
- Kigawanyaji. Kila unapogawa waya kwa TV nyingine, unapunguza nguvu. Ajaribu waya mmoja moja kwa moja.
- Kiongeza nguvu. Akitoe, apime, akirudishe, apime.
- Saa ya makosa. Yakitokea kila friji inapowaka, au kila taa fulani au chaja fulani ikiwashwa, mwizi ameonekana.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji ujuzi wowote. Waya ule ule wa antena auchomeke kwenye TV au king'amuzi, aangalie chaneli ile ile saa ile ile yenye matatizo. Picha ikipasuka hapo pia, tyuna yako imeachiwa huru.

HATUA YA 3: TUNDU LA USB

Hewani kukiwa salama, shuka kwenye USB. Amri ya kwanza:

sudo dmesg -T | grep -i usb

Inaonyesha habari za USB pamoja na saa. Ukiona USB disconnect katikati ya saa ya kurekodi, tyuna ilijitoa ikarudi. Hapo kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni umeme mdogo. Tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampia 500, na mtu akichomeka tyuna na diski kwenye kigawanyaji cha USB kisicho na umeme wake, vinagombania hizo hizo. Kwenye Raspberry Pi, tafuta pia maneno Under-voltage detected, ndiyo ishara kwamba chaja haitoshi. Ya pili ni waya wa kurefushia. USB 2.0 imetengenezwa kwa waya usiozidi mita 5, na waya wa bei poa unaweza kusumbua hata kabla ya hapo. Ya tatu ni tundu lililolegea.

Amri ya pili ni hii:

lsusb -t

Inakuchorea mti wa vifaa, ukaona nani amekaa tawi moja na nani. Tyuna na diski ya nje zikiwa tawi moja, zinagawana njia. Kwenye Raspberry Pi za zamani, mpaka 3B+, matundu yote manne ya USB na tundu la mtandao yanapita kwenye njia moja ya USB 2.0. Mtu anayerekodi, huku anaandika kwenye diski ya USB, huku anatazama kupitia mtandao, amepitisha mizigo mitatu kwenye mlango mmoja. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ilibadilisha hilo.

Hapa ndipo tyuna mbovu ya kweli huonekana. Ikijitoa kwenye USB hata ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye tundu zuri la kompyuta nyingine, bila waya wa kurefushia, hiyo ni yako. Badilisha au rudisha hela, bila maneno mengi.

HATUA YA 4: DISKI INAPOSITA

Watu hupima diski kwa kasi. "Diski yangu inaandika MB 80 kwa sekunde, haiwezi kuwa yenyewe." Lakini rekodi ya megabiti 4 inahitaji nusu MB tu kwa sekunde! Kasi si tatizo. Tatizo ni kusita.

Diski iliyolala huchukua sekunde kadhaa kuamka. Diski yenye sehemu mbovu hurudia rudia sehemu moja na kila kitu kinasubiri. Flashi na memori kadi za bei rahisi husimama ghafla katikati ya kuandika. Wakati huo bomba halijafungwa. Linux ina ndoo ya muda ya kupokelea data ya tyuna, na kwa kawaida ni ya MB 1.9 hivi. Programu ikiwa inachota chaneli zote za masafa mazima, tuseme megabiti 30 kwa sekunde, ndoo hiyo inajaa kwa nusu sekunde tu. Programu ina ndoo yake pia ya kupelekea diski, nayo ina mwisho. Kwa hiyo unaweza kuona hesabu za Status zote ni safi lakini faili likawa na mapengo. Hiyo ni alama ya wazi: data iliingia salama, ikamwagika wakati wa kuandikwa.

Kipimo chake ni kizuri sana na hakina gharama. Kwenye Tvheadend, badilisha kwa muda folda ya kurekodia iwe /dev/shm, kisha rekodi dakika 10. Folda hiyo haiko kwenye diski, iko kwenye ramu. Dakika 10 za megabiti 4 ni kama MB 300, hakikisha tu ramu ina nafasi, na kumbuka ukizima kompyuta hiyo rekodi inafutika. Makosa yakiisha, diski ndiyo mhusika. Yakiendelea, rudi USB na antena.

Mteja wangu mmoja wa Morogoro alikuwa anarekodi taarifa ya habari ya saa 2 usiku, na kila siku inakatika katikati. Alitaka tyuna nyingine. Nikamwomba picha ya Status: Transport Errors 0, SNR imetulia. dmesg hakuna kitu. Rekodi ya /dev/shm ikatoka safi kabisa. Nikamuuliza, "Kaka, saa 2 usiku kompyuta hiyo inafanya nini kingine?" Kumbe naye anauza viatu mtandaoni, na kila jioni akifunga duka anahamisha picha na video za bidhaa kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski ile ile. Linux hukusanya mzigo mkubwa kwenye ramu kisha huumwaga wote kwa pamoja, na rekodi ikawa inapangwa foleni nyuma ya video za viatu. Alihamishia picha kwenye diski nyingine, na shida ikaishia hapo. Tyuna ni ile ile mpaka leo.

Asiye na diski ya pili anaweza kuiambia Linux ianze kumwaga mapema, kidogo kidogo:

sudo sysctl vm.dirty_background_bytes=67108864

Hiyo ni MB 64. Inaisha ukiwasha upya kompyuta, kwa hiyo ni salama kujaribia. Pia kagua afya ya diski:

sudo smartctl -a /dev/sda

Badilisha sda uweke jina la diski yako. Tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba hizo zikiwa zinaongezeka wiki hadi wiki, hamisha vitu vyako haraka, maana hapo si TV tu iliyo hatarini, ni na picha za bidhaa na hesabu za duka.

Na kichakataji je? Kurekodi peke yake ni kazi nyepesi. Inakuwa nzito pale kompyuta inapobadilisha video kwenda muundo mwingine huku inarekodi. Fungua top uangalie. Namba ya wa ikiwa juu muda mrefu, kompyuta inasubiri diski. Namba ya id ikiwa karibu na 0, imeelemewa na kazi.

Kanuni ya hatua zote: badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uende kingine. Ukibadilisha waya, tundu na diski kwa mpigo, hata tatizo likiisha hutajua kilichokuwa kinaumwa, na mteja wa kesho utaanza naye upya.

SASA UPANDE WA BIASHARA

Mimi siku hizi situmi tyuna kabla ya kurekodi nayo saa moja hapa kwangu. Napiga picha ya Status, naiweka kwenye WhatsApp ya mteja kabla mzigo haujapanda basi. Akilalamika, tunalinganisha picha yangu na yake, hatubishani.

Na malalamiko yakija, natuma ujumbe huu. Uchukue, ubadilishe upendavyo:

"Pole sana kaka/dada. Tuitatue pamoja. Naomba vitu vinne: (1) cheza rekodi tena pale pale, je, inakatika sekunde ile ile? (2) picha ya Status, Stream wakati inarekodi. (3) picha ya jinsi ulivyochomeka tyuna na diski. (4) saa yalipotokea makosa na kilichokuwa kinaendelea kwenye kompyuta. Ikionekana ni tyuna, nakubadilishia na nauli ni yangu."

Sentensi ya mwisho usiifute. Mteja akijua hutamkwepa, anakuwa mvumilivu kupima. Na ukiisema, itimize.

Jambo la mwisho: kwenye tangazo lako uza vifaa na huduma ya kuvifunga, usiuze nakala za vipindi. Haki za kipindi ni za wenyewe, na ukiuza nakala unajitafutia kesi.

Kama una mteja anayelalamika sasa hivi, niandikie Transport Errors ngapi, Continuity Errors ngapi, na diski ni ya aina gani. Tuanzie hapo. Biashara njema.